Betri ya tatu tangu Januari: kabla hujanunua nyingine, PIMA



Wiki iliyopita kaka mmoja anayenunua vitunguu Mang'ola alinipigia simu. Ana Honda CG125 ya zamani aliyoachiwa na baba yake, ya volti 12, injini bado nzima kabisa. Swali lake lilikuwa moja tu: "Betri gani ndo original? Maana niliyonayo ni ya tatu tangu Januari na hii nayo inakufa."

Kila betri alinunua 45,000. Piga hesabu, ni 135,000 imekwenda kwenye betri tu. Hiyo kwake ni hela ya mzigo. Na ubaya hauishii hapo. Yeye anatoka mjini saa kumi alfajiri ili afike Barazani kabla watu wenye Fuso hawajamaliza vitunguu vizuri. Taa ikikataa anasubiri kupambazuke, akifika anakuta yamebaki masalia. Siku nyingine alijikaza akatoka hivyo hivyo, taa ikamzimikia njiani gizani, mbele yake kuna punda wawili wamesimama katikati ya barabara. Anasema alianguka ili asiwagonge. Alikuwa ameshapata mtu wa kumuuzia pikipiki kwa bei ya kutupa.

Nikamuuliza, "Ukiwasha injini ukapiga resi, betri inasoma volti ngapi?" Akajibu hajui, hakuna fundi aliyewahi kupima. Wote watatu walimwambia sentensi ile ile: betri za siku hizi feki.

Feki zipo, sikatai. Lakini betri tatu za kampuni tofauti zikifa kwa mtindo mmoja kwenye pikipiki moja, anayeziua yumo ndani ya pikipiki. Leo tumtafute. Somo ni refu kidogo, soma taratibu, na kama huna muda lihifadhi usome jioni.

UMEME UNATOKA WAPI

Ukifungua kifuniko cha upande wa kushoto wa injini ya CG utakuta gurudumu zito lenye sumaku. Linazunguka pamoja na injini, na karibu yake kuna koili za waya wa shaba. Sumaku ikipita kwenye koili, umeme unazaliwa. Kwenye pikipiki nyingi ndogo za zamani kazi zimegawanywa: sehemu moja ya koili inalisha plagi, nyingine inalisha taa kubwa moja kwa moja, na nyingine inachaji betri kwa kupitia rektifaya. Rektifaya ndo kile kidude kama kisanduku kidogo, mara nyingi cha bati au aluminiamu, kimefungwa chini ya kiti au chini ya tenki.

Mfanyabiashara ataelewa hivi. Betri ni droo ya duka. Sumaku na koili ndo mauzo. Indiketa, honi, taa ya breki, chaja ya simu, hayo ndo matumizi. Droo ikiwa tupu kila jioni, kununua droo mpya hakusaidii kitu.

Kutokana na mgawanyo huo kuna mambo mawili watu huyaona ugonjwa na sio ugonjwa. La kwanza: taa kubwa inafifia injini ikiwa imetulia, ukipiga resi inang'aa. Kwa pikipiki ambayo taa yake inalishwa na koili moja kwa moja, hivyo ndivyo ilivyotengenezwa. La pili: betri imekufa kabisa lakini injini inawaka kwa kiki kama kawaida. Ni kwa sababu plagi ina koili yake na haihitaji betri. Ndo maana mtu anaweza kutembea na betri mfu miezi miwili bila kujua, mpaka siku ya kupinda kulia akakuta indiketa kimya.

Mgawanyo huo pia unakupa kipimo cha bure, bila kifaa chochote. Washa injini. Kama taa kubwa inawaka ila honi na indiketa zimekufa, tatizo liko upande wa betri, fyuzi au rektifaya. Kama honi inalia vizuri ila taa kubwa haiwaki, achana na betri, angalia balbu, swichi ya usukani, na waya unaotoka kwenye koili ya taa. Kama vyote viwili vimekufa, anza na ethi na swichi ya ufunguo. Dakika moja tu, na umeshajua fundi asiguse wapi.

JUA KWANZA NI VOLTI 6 AU 12

Pikipiki nyingi ndogo za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ni za volti 6. Baadaye zikahamia 12. Huku kwetu zote mbili bado zipo, hasa zile zilizokuwa za misheni na mabwana shamba, zikauzwa zikapita mikono mitano. Angalia betri: yenye vifuniko vitatu vya kujazia maji ni volti 6, yenye sita ni 12. Halafu soma maandishi kwenye kitako cha balbu. Usiamini betri peke yake maana nimeshaona pikipiki ya volti 6 imefungwa betri ya 12 kwa sababu dukani ndo ilikuwepo. Haikuwahi kujaa hata siku moja.

MITA

Nunua multimita ndogo ya kidijitali. Bei yake mara nyingi ni chini ya nusu ya bei ya betri, na utaitumia pia kwenye sola ya dukani na kwenye redio. Kama ni ghali kwako, wekeni watatu au wanne hapo kijiweni mnunue moja. Unahitaji kujua sehemu mbili tu: V yenye mstari mnyoofu, hiyo ni ya betri, weka kwenye 20. Na V yenye kiwimbi, hiyo ni ya umeme unaotoka kwenye koili kabla haujapita rektifaya, weka kwenye 200.

Sasa pima hivi.

Asubuhi kabla hujawasha, weka waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye hasi. Betri ya 12 iliyojaa inasoma kama 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.2 ina nusu. Chini ya 12 haina kitu. Kwa betri ya volti 6, iliyojaa inasoma kama 6.3 au 6.4. Kaka yetu alisoma 11.7.

Usikimbilie kumpa hukumu betri hapo. Inabidi ijazwe kwanza nje ya pikipiki, kwa mtu wa kuchaji betri, na mwambie aichaji POLEPOLE. Kanuni ni sehemu moja ya kumi: betri ya ampea-saa 5 inachajiwa kwa nusu ampea, inachukua saa kumi au zaidi. Wengi wanachomeka kwenye chaja ya betri za lori, baada ya saa moja inachemka, wanakurudishia wanasema imejaa. Hiyo imepikwa. Ikishajaa iache usiku mzima bila kuunganishwa na chochote. Ikilala na 12.6 ikaamka na 12.5, ni nzima. Ikiamka na 11, hapo kweli imekufa.

Kisha irudishe, washa injini, zima kila kitu unachoweza kuzima, piga resi ya kati na upime tena betri ikiwa imefungwa. Namba inatakiwa ipande ifike kati ya 13.5 na 14.5. Kwa ya volti 6, iwe kama 7. HIKI NDO KIPIMO CHA MAANA KULIKO VYOTE kwenye somo hili. Ukikumbuka kimoja, kumbuka hiki.

Isipopanda, betri haipokei chaji. Ikipanda ikapita 15, kidhibiti kimekufa, betri inachemshwa na maji yake yatakauka haraka. Kwenye pikipiki nyingi kidhibiti na rektifaya ni kidude kimoja, kwa hiyo unabadilisha kimoja.

Kaka alipiga resi, mita ikasoma 12.3. Haikupanda zaidi hata kwa resi kubwa.

ETHI, ETHI, ETHI

Hapa fundi wengi wangesema rektifaya imekufa, lete hela. Inaweza kuwa kweli. Lakini kwenye pikipiki ya miaka thelathini na zaidi, mimi huanza na ethi, kwa sababu kuisafisha ni bure na ndo inayosumbua mara nyingi. Umeme unaotoka chanya lazima urudi hasi. Unarudi kwa kupitia waya wa ethi na chuma cha pikipiki yenyewe. Na kwetu hapa chuma kinaishi maisha magumu. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali, masika udongo ule ule unakuwa tope linaloganda chini ya kiti kama saruji, halafu unapeleka pikipiki inapigwa maji ya presha. Kutu inaota pale pale waya wa ethi ulipobanwa na bolti. Juu unaona bolti imekaza vizuri. Chini yake ni unga wa kahawia.

Kipimo chake hiki hapa. Injini inawaka, resi ya kati, mita kwenye V yenye mstari mnyoofu. Waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye mwili wa rektifaya au waya wake wa ethi. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikianza kusoma nusu volti na kuendelea, ethi ni mbaya. Fanya hivyo hivyo na ganda la taa kubwa taa ikiwa inawaka, kwa sababu taa nyingi hafifu kosa lake ni ethi tu, balbu haina kosa.

Kaka alisoma volti 1.1. Tukamwambia fundi wake atoe tenki, afuate waya wa ethi. Ulikuwa umebanwa na bolti chini ya tenki, rangi ya kijani imegeuka kuwa ya udongo na nyuzi zake nusu zimekatika. Wakakata kipande kibovu, wakafunga kichwa kipya, wakasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, wakapaka grisi kidogo juu baada ya kukaza ili maji yasiingie. Mita ikasoma 14.0.

Kama ethi ni nzuri na bado haichaji, hapo ndo unageukia koili. Chomoa soketi ya waya zinazotoka kwenye injini, weka mita kwenye V yenye kiwimbi, pima waya wa kuchaji dhidi ya ethi injini ikiwa inawaka. Namba lazima ipande kadiri resi inavyopanda. Kwa pikipiki ya volti 12, ukipiga resi na waya umechomolewa, mara nyingi inavuka 20. Ikipanda vizuri, koili ni nzima, basi mtuhumiwa ni rektifaya au waya wa katikati. Isipopanda, au ikibaki namba ndogo sana, koili imeungua au waya wake umekatika. Koili ya CG usiitupe. Mafundi wa kusuka mota wanaweza kuisuka upya, na wakati mwingine waliyosuka inadumu kuliko ile mpya ya bei poa.

HALAFU TUKAWASHA TAA

Nilidhani tumemaliza. Nikamwambia awashe taa zote anazotumia alfajiri kisha apime tena kwa resi ile ile. Mita ikashuka mpaka 12.2.

Kumbe mwaka jana fundi mmoja alimhamishia taa kubwa kwenye betri, ili iwake hata injini ikiwa imezimwa. Watu wanaipenda sana hiyo, taa inakuwa haifumbi injini ikitulia. Na yeye mwenyewe akaongeza spoti mbili za LED mbele. Na chaja ya simu, kwa sababu ya kupokea malipo ya wateja njiani.

Tufanye hesabu kama tunavyofanya ya duka. Taa kubwa wati 35. Taa ya nyuma 5. Spoti mbili, kila moja imeandikwa 20, jumla 40. Simu kama 10. Zote pamoja ni wati 90. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 7.5. Betri yake ni ya ampea-saa 5. Kama haichajiwi kabisa, inamalizwa ndani ya dakika 40, na kiuhalisia mapema zaidi. Upande wa mapato: sumaku ya pikipiki ndogo za enzi hizo kwa kawaida haitoi hata wati 100 kwa jumla, na sehemu ya kuchaji betri ni kipande tu cha hizo, kwa sababu kipande kingine ni koili ya taa, ambayo kwa kaka yetu ilikuwa imeachwa inaning'inia haina kazi.

Yaani alikuwa ana mfanyakazi amekaa bure na droo inalipa mishahara yote.

Betri ya risasi ikiishi nusu tupu wiki nzima, sahani zake zinaota unga mweupe mgumu. Ukishaganda, haipokei chaji tena hata uifanyeje. Ndo maana kila betri ilikuwa inamaliza wiki sita au saba. Zilikuwa betri za kawaida tu, zilikufa njaa.

Dawa yake: taa kubwa ikarudishwa kwenye waya wake wa koili, spoti moja ikatolewa, nyingine ikawekewa swichi yake. Mita na taa zote zikiwa zimewashwa, resi ya safari: 13.6. Msasa, kichwa cha waya na kazi ya fundi vilikuwa 11,000, mita 15,000.

Tukiwa hapo kwenye spoti, tahadhari moja. Balbu ya LED inayowekwa badala ya balbu ya kawaida kwenye taa inayolishwa na koili moja kwa moja, itapepesa na mara nyingi itaungua mapema, kwa sababu umeme ule ni wa kwenda na kurudi na unapanda na resi. Nunua iliyoandikwa kabisa kwamba inakubali umeme huo, la sivyo kaa na balbu ya zamani. Na wati zifanane na zilizoandikwa. Kwenye pikipiki za zamani kabisa zisizo na kidhibiti, taa zenyewe ndo zinazuia umeme usipande. Balbu ya mbele ikiungua usiku, umeme wote unahamia ya nyuma, nayo inaungua dakika chache baadaye. Kwa hiyo ukiona zote mbili zimekufa safari moja, usidhani umerogwa. Iliyotangulia ndo ilimuua mwenzake. Ukiona ya mbele imekatika, punguza resi mara moja. Tembea na balbu ya akiba ya kila aina, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya boksi la spana.

Kwa sababu hiyo hiyo USITEMBEE ukiwa umetoa betri kabisa. Najua wengi wanafanya hivyo mkwecheni, eti si inawaka kwa kiki. Bila betri ya kumeza umeme, volti zinaruka juu na kula balbu na wakati mwingine rektifaya yenyewe.

RANGI ZA WAYA ZINADANGANYA

Hili limechoma pikipiki nyingi. Kwenye Honda, ethi ni waya wa KIJANI, na mweusi ni waya wenye umeme baada ya kufungua ufunguo. Kwenye Yamaha, mweusi ndo ethi, na wenye umeme baada ya ufunguo ni wa kahawia. Suzuki ethi yao ni mweusi wenye mstari mweupe. Sasa fundi aliyezoea Yamaha DT akishika Honda yako akaunga mweusi kwenye chuma, fyuzi inakatika pale pale. Na kama hakuna fyuzi, kuna kipande cha waya au karatasi ya sigara kama ninavyoona kila siku, basi zinaungua waya zote kuanzia chini ya kiti mpaka kwenye taa. Ile harufu ukishaisikia hutaisahau. Weka fyuzi yenye namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chake, na mbili za akiba. Ikikatika mara ya pili usiongeze ukubwa, tafuta waya unaogusa chuma.

Sehemu ya kwanza kutafuta ni shingoni, pale waya zinapopinda kila ukigeuza usukani. Washa taa, geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Taa ikipepesa, umempata. Ya pili ni chini ya kiti na kwenye keria ya nyuma, hasa sisi tunaofunga gunia kwa mpira. Mpira unabana waya wa taa ya nyuma kwenye chuma, safari tatu nne ganda limechubuka.

INAISHA USIKU IKIWA IMEPAKI

Hii ni kesi nyingine na wapo mnaoijua. Jioni inachaji vizuri, asubuhi tupu. Kuna kitu kinanyonya ufunguo ukiwa umefungwa. Fungua hasi ya betri, weka mita kwenye kipimo cha ampea, tundu la 10A, mita ikae katikati ya hasi na waya wake. Usipige kiki wala kuwasha kitu wakati mita iko hapo, utaichoma. Pikipiki ya zamani haina kompyuta, kwa hiyo inatakiwa isome sifuri. Ikisoma kitu, chomoa kimoja kimoja: chaja ya simu kwanza, kisha alamu ya dukani kama uliweka, kisha rektifaya. Rektifaya iliyopasuka ndani inaruhusu umeme urudi kinyume kwenye koili usiku kucha.

UKINUNUA BETRI MPYA, MAANA IKO SIKU UTANUNUA

Ile ya kujaza maji ya asidi: ikishajazwa iache nusu saa, kisha ichajiwe polepole kabla ya kufungwa. Dukani watakwambia haina haja, inakuja na chaji. Ukiifunga moja kwa moja unaianzishia maisha pungufu. Toa kifuniko cha kwenye tundu la kupumulia na uhakikishe kimpira chake kinashuka chini mbali na mnyororo. Baadaye maji yakipungua, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa peke yake. Asidi usiongeze, na maji ya bomba usijaribu.

Mwisho ni wale wanaopeleka mboga na maziwa kwenye lodge za juu, njia ya kupanda kuelekea geti la Lodoare. Ukungu wa kule mnaujua, kuna asubuhi huoni hata mita kumi. Humo tumia taa ya chini. Ukiweka taa ya juu mwanga unarudi usoni kwako na unaona kidogo zaidi. Na taa ya nyuma ndo muhimu kuliko ya mbele, kwa sababu gari za watalii zinakuja nyuma yako. Ishikie mkono uone ukutani kwamba inawaka kabla hujatoka nyumbani, kila siku, hata kama jana iliwaka.

Kaka wa vitunguu alinitumia ujumbe juzi saa moja asubuhi. Alikuwa Barazani, gunia nne zimeshapimwa. Yule mteja wa pikipiki alimwambia arudishe namba yake.

Wewe kama una inayokusumbua, niandikie aina ya pikipiki, volti 6 au 12, na namba tatu: asubuhi kabla ya kuwasha, ukiwa na resi bila taa, na ukiwa na resi taa zote zikiwaka. Bila hizo namba tatu nitakuwa nabahatisha tu.